NYUMBA, CHOO NA MTARO: Mafunzo kutoka Kariakoo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya nyumba ya kulala. Hatutanena habari za majumba ya fahari, bali habari za nyumba za watu wa kawaida katika mji wa Dar es Salaam, na hasa katika mtaa wa Kariakoo. Tutaeleza namna nyumba hizo zilivyokuwa, namna zilivyoharibika, na namna serikali na halmashauri za mji zilivyojaribu kwa zaidi ya miaka 100 kuzitengeneza. Katika majaribio hayo mengine yalifaa, na mengine yaliwaumiza wale wale waliokusudiwa kusaidiwa. Yafaa tujue tofauti yake.

Ninyi mkaao shamba huenda mtauliza, "Habari za Kariakoo zatuhusu nini?" Jibu letu ni hili. Kwanza, watoto wenu huenda mjini kila mwaka kutafuta kazi, nao hupanga vyumba katika nyumba hizo. Pili, kijiji kikipata soko na barabara huanza kuwa mji, na makosa ya mji mkubwa huanzia katika makosa madogo ya kijiji.

ASILI YA KARIAKOO

Seyyid Majid wa Unguja alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wadachi, yaani Wajerumani, waliufanya mji huo kuwa makao makuu ya serikali yao. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka, na hapo palipo Kariakoo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kundi la wapagazi hao liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wa mji wakalitamka kwa ulimi wao, wakasema "Kariakoo".

Yafaa tukumbuke jambo moja juu ya wapagazi hao. Katika vita ile, waliouawa na kuhara damu, homa na kichomi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Basi jina lenyewe la mtaa huu ni kumbukumbu ya watu walioangamizwa zaidi na maradhi ya kambini kuliko na adui.

Baada ya vita viwanja vilipimwa, na barabara zikanyoshwa kama mistari ya daftari. Hata leo ukipita huko utaona majina ya mitaa yanayosimulia asili ya wakazi na mambo yao: Swahili, Nyamwezi, Kongo, Pemba, Mafia, Sikukuu, Narung'ombe, Mkunguni. Jengo lililoanzwa na Wadachi kabla ya vita likatumika kuwa soko tangu mwaka 1923, na Kariakoo ikawa moyo wa biashara ya Waafrika.

NYUMBA YA KISWAHILI SI NYUMBA MBAYA

Watu wengi hudhani ya kuwa maradhi ya mjini yaliletwa na nyumba za udongo. Sisi hatukubali hivyo, na tutaeleza sababu.

Nyumba ya Kiswahili ina mpango mzuri. Mbele iko baraza, mahali pa kupokea wageni na kuuza vitu vidogo. Ukiingia mlangoni wakuta ukumbi mrefu wa katikati, na vyumba vitatu kila upande. Mwisho wa ukumbi mlango wa pili watoa uani, na huko uani ndiko jiko, bafu, choo na pengine kisima. Zamani kuta zilikuwa za miti, fito na udongo, na paa la makuti. Makuti hayahifadhi joto kama bati; tena upepo huingia mlango wa mbele ukatoka uani. Wakikaa humo mtu na mkewe, watoto na jamaa wawili watatu, nyumba hiyo ni safi na yenye heshima.

Lakini mjini vyumba ni fedha. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, na vitano akapangisha. Chumba kimoja kikabeba jamaa nzima, na nyumba ya jamaa moja ikawa nyumba ya jamaa sita. Kisha ua ukajengwa vibanda, navyo vikapangishwa. Choo, hata hivyo, kikabaki kimoja.

Hapa wanafunzi na wachukue kalamu, tufanye hesabu. Wataalamu hukadiria ya kuwa mtu mmoja hujaza shimo la choo kadiri ya sehemu 6 katika 100 za mita moja ya ujazo kwa mwaka. Tuseme shimo lina mita 3 za ujazo. Watu 5 watalijaza kwa muda wa miaka 10. Watu 30 watalijaza kwa mwaka 1 na miezi 8 tu. Mwenye nyumba asiye na nafasi ya kuchimba shimo jipya, kwa kuwa ua umejaa vibanda, atafanya nini? Wengine humlipa mtu aje kulizoa usiku. Wengine hungoja mvua kubwa, wakatoboa shimo ili mafuriko yachukue uchafu. Tendo hilo watu wa mjini huliita "kutapisha choo". Uchafu hupita mlangoni pa jirani, hupita kisimani, hupita mahali wachezapo watoto.

Basi ubaya haukuwa katika udongo wa ukuta. Ulikuwa katika hesabu ya watu, choo, maji na kodi.

MAJI YA CHINI HAYAONI UA

Ardhi ya Dar es Salaam, katika sehemu zake nyingi za chini, ni ya mchanga, na maji yako karibu. Mtu akichimba kidogo, hasa wakati wa masika, ameyafikia. Jambo hilo hufurahisha mchimba kisima, lakini lina hatari yake. Jaribuni jambo hili shuleni. Chukueni beseni kubwa, mlijaze mchanga uliolowa maji. Chimbeni mashimo mawili madogo, moja huku na moja huku. Katika shimo la kwanza mimineni maji yenye buluu ya kufulia. Katika shimo la pili choteni maji kwa kijiko, tena na tena. Baada ya muda mtaona buluu imefika shimo la pili, ingawa juu ya mchanga hakuna kilichoonekana kupita. La kwanza ni choo, la pili ni kisima. Ndiyo sababu tunafundishwa kisima kiwe mbali na choo, mita 30 au zaidi, yaani kadiri ya hatua 40 za mtu mzima, tena upande wa juu wa mteremko. Katika ua wa Kariakoo hatua 40 hazipatikani.

Msidhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba, akaona ya kuwa wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Akawashauri wakubwa wa mtaa kuondoa mkono wa pampu ile. Hata hivyo mji ule haukujengewa mabomba makubwa ya maji taka mpaka baada ya mwaka 1858, mto ulipotoa harufu mbaya iliyowafikia wabunge barazani mwao. Wakubwa walitenda upesi harufu ilipofika puani mwao wenyewe. Hilo nalo ni fundisho.

AMRI ZA KUTA NA PAA

Sasa tutazame juhudi za wenye mamlaka. Mwaka 1891 Wadachi walitoa amri ya ujenzi. Karibu na bahari zilitakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu, na vibanda vya miti na udongo vikasukumwa nyuma. Waingereza, katika miaka ya 1920, waliufuata mpango huo, wakagawa mji katika sehemu tatu ambazo watu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, nao ndio Mnazi Mmoja. Nyumba zilizokuwapo pale zilivunjwa, na wenyewe wakahamia Kariakoo. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya ya watu.

Lakini je, uwanja mtupu husafisha kisima cha nani? Mbu huruka, na nzi hana mpaka. Mabomba ya maji, mitaro na taa vilikwenda kwanza Uzunguni, na Uswahilini wakabaki na njia za mchanga na bomba moja kwa watu wengi. Mkaguzi wa afya, ambaye watu walimwita bwana afya, alipita kutazama viluwiluwi katika mitungi na makopo, akamtoza faini aliyeonekana nao. Kazi yake ilikuwa ya kweli, maana mbu huleta malaria, na aina ile nyingine izaayo katika maji machafu ya vyoo huleta matende na mabusha. Lakini kumtoza mtu faini kwa dimbwi la uani, huku barabara ya serikali mbele ya mlango wake imejaa maji kwa kukosa mtaro, ni kazi ya nusu.

Mji uliendelea kukua. Hesabu ya mwaka 1948 ilikuta watu kama 69,000. Mwaka 1957 walikuwa 128,000 na zaidi, na mwaka 1967 walipita 272,000. Mji ulipewa baraza lake la manispaa mwaka 1949, na katika miaka hiyo viwanja na nyumba zilitengenezwa Ilala, Temeke, Magomeni na Kinondoni. Maji nayo yaliongezwa: mtambo wa Mtoni ulijengwa karibu na mwaka 1950, na wa Ruvu Juu mwaka 1959. Twaamini ya kuwa mabomba hayo yaliokoa watu wengi kuliko amri zote za kuta na paa.

KUBOMOA NA KUTENGENEZA

Uhuru ulipokuja, serikali mpya ilitaka kuondoa vibanda upesi. Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa mwaka 1962, likabomoa nyumba za udongo katika Magomeni na mahali pengine, likajenga za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema. Lakini sehemu kubwa ya nyumba mpya ilikuwa badala ya zile zilizobomolewa tu, na watu wanaoingia mjini hawakupungua. Maskini wengi, wasipopata nafasi, walijenga Manzese na mabonde mengine bila kupimiwa.

Mwaka 1972 serikali ilibadili njia. Ikakubali ya kuwa makazi ya watu yatengenezwe yalipo, wala yasibomolewe yote. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vyenye maji na barabara vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikatiwa barabara, mitaro na mabomba.

Miaka hiyo hiyo lilifanyika kosa lililotufundisha sana. Halmashauri za miji ziliondolewa, na kazi zake zikatiwa mikononi mwa wakubwa wa mkoa na wilaya. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, na vyoo havikukaguliwa. Kipindupindu kikaenea nchini tangu mwaka 1977. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa. Watu husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta", na ufa huu ulizibwa baada ya maziko.

Kurudi kwa halmashauri hakukumaliza matata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, taka zilizochukuliwa na jiji hazikufika sehemu 5 katika 100 za taka zote. Tangu mwaka 1994 kazi hiyo ilianza kugawiwa wakandarasi katika kata za katikati ya mji, na baadaye vikundi vya wakazi vikapewa sehemu yake.

Na sasa twafika mahali tunapopapenda zaidi katika habari hizi, nako ni Hanna Nassif, upande wa Kinondoni, bondeni. Wakazi wa huko walikuwa wakifurikiwa kila masika. Katika miaka ya 1990 halmashauri, wataalamu wa chuo, na mashirika ya Umoja wa Mataifa walikaa nao kufanya shauri. Wakazi wakachagua kamati yao. Wakachimba mitaro kwa mikono yao wenyewe, wanaume kwa wanawake, kwa ujira. Wakajenga njia na vibanda vya kuuzia maji. Hawakubomolewa wote wakatupwa mbali. Mtaro alioujenga mtu mwenyewe hautupi taka ndani yake kwa urahisi, wala hakubali jirani autupie.

KODI, JAMBO LISILOTAJWA

Liko jambo moja ambalo wapimaji huelekea kulisahau. Siku moja tuliwapeleka wanafunzi wetu kutazama nyumba za uswahilini, tukaingia ua mmoja wenye wapangaji wengi. Tulimkuta mama mtu mzima akipepeta mchele karibu na choo kilichojaa. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, wanangu." Tulipomwuliza kwa nini choo hakitengenezwi, alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, mwenye nyumba yuko tayari kukitengeneza. Sisi ndio tumemsihi aache. Akikitengeneza atapandisha kodi, na mimi na wajukuu zangu tutakwenda wapi?"

Tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumewafundisha wanafunzi ya kuwa watu hukaa katika uchafu kwa kutojua. Mama yule alijua kuliko sisi. Alikuwa amepima mambo mawili, maradhi na kukosa pa kulala, akachagua.

Kwa hiyo mpango wowote wa kuboresha nyumba hauna budi kujibu swali lake. Nyumba ikipata ukuta wa saruji na kodi ikapanda, maskini hafaidiki. Huhama tu na umaskini wake mpaka bonde jingine. Lakini maji yakifika mtaa mzima, mtaro ukapita mbele ya nyumba zote, na kazi ya kuzoa vyoo ikawa ya bei ndogo, hata mpangaji wa chumba kimoja hupata sehemu yake.

KARIAKOO YA SIKU HIZI

Mtu aliyeiacha Kariakoo miaka 50 iliyopita hataitambua. Soko jipya lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa ramani ya Beda Amuli, mchoraji majengo Mtanzania, lenye paa la miavuli iliyogeuzwa ili kukinga maji ya mvua. Moto uliliunguza soko hilo Julai 2021, na kazi ya kulitengeneza na kujenga jingine kando yake ikafuata. Nyumba za Kiswahili zimevunjwa nyingi, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka. Jiji zima lilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022. Tangu 2021 Kariakoo iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Je, ukuta wa saruji umemaliza hatari? La. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza tena Dar es Salaam kikaenea mikoani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi katika bonde la Msimbazi, wakapelekwa Mabwepande. Wakazi walio wengi wa jiji hawajaunganishwa na mabomba ya maji taka, hutumia mashimo. Zamani mamlaka ilitazama ukuta na paa, ikasahau shimo. Leo twaweza kurudia kosa lile lile kwa kutazama ghorofa na vioo vyake.

MAMBO YA KUTENDA

Basi, wasikilizaji wetu, tukusanye mafunzo machache, ambayo yafaa kijijini kama mjini.

1. Kabla ya kujenga chumba cha kupangisha, hesabuni watu na choo. Acheni nafasi ya kuchimba shimo la pili.

2. Kisima kiwe juu ya choo kwa mteremko, tena mbali nacho, kifunikwe, na ndoo ya kutekea iwe moja. Maji ya kunywa yachemshwe.

3. Choo kiwe na kifuniko, na karibu yake yawepo maji na sabuni.

4. Msitapishe choo kamwe. Ukimpelekea jirani uchafu, mvua ya kesho itakurudishia wake.

5. Mtaro usafishwe kabla ya masika, na kazi hiyo ifanywe na mtaa mzima siku moja, maana mtaro uliozibwa mahali pamoja umezibwa wote.

6. Mwenye nyumba na wapangaji wakae pamoja kushauriana juu ya gharama ya choo na maji, ili mmoja asibebe mzigo wote.

7. Hudhurieni mikutano ya mtaa na ya kijiji, mwulize ushuru na ada mlizolipa zimejenga nini. Halmashauri isiyoulizwa husinzia.

Nasi walimu tumejiwekea jambo la nane: tusiwafundishe watoto kumcheka mtu akaaye katika nyumba mbovu. Na waulize kwanza maji yatoka wapi, shimo lina watu wangapi, na kodi ni kiasi gani. Wakiisha kuyajua hayo matatu, watakuwa wamejua nyumba ile kuliko yule aliyepita barabarani akatazama paa lake.